Tulivyompeleka Mama Asunta kwao Volterra

Tangu nirudi, wakikaa watu wawili na mimi nikiwa wa tatu, swali ni lile lile: "Rukia, hebu tuambie, huko Italia kulikuwaje?" Nimeulizwa kwenye arusi kule mji wa Savage, nimeulizwa msikitini, hata dukani kwetu mtaa wa Frogtown, hapa Saint Paul, nikipima mchele, mteja ananishika mkono nisimalize kupima. Nimesimulia kwa vipande mpaka sikumbuki nani nimemwambia nini. Leo nimekaa kitako, chai ipo pembeni, nayaandika yote kwa mpigo mmoja. Habari za viza na tiketi siziweki. Hizo kila mmoja wenu anazijua na zinachosha.

Kwa wasionifahamu sana, mimi ni mtu wa Malindi. Kabla sijaolewa nilikuwa dobi katika hoteli ya Mtaliano, na Malindi yetu mnaijua, hata muuza madafu anakujibu Kitaliano. Changu kilikuwa Kitaliano cha mashuka na supu: leta, peleka, safi, chafu, moto, baridi. Nilipokuja Saint Paul nilidhani kimekwisha kazi yake.

Kumbe Mungu alikuwa ameniwekea Mama Asunta. Huyu ni bibi wa miaka sabini na kitu, Mtaliano, aliyeolewa na mwanajeshi wa Kimarekani baada ya vita vikuu akaletwa Minnesota akiwa msichana. Mumewe, marehemu Harold, alikuwa mtu mwema lakini alitaka nyumba izungumze Kiingereza tu. Basi binti yao wa pekee, Linda, akakua bila neno hata moja la lugha ya mama yake. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia Mama Asunta, kitu cha kwanza ulichomnyang'anya ni Kiingereza. Kikaenda kidogo kidogo, mpaka siku moja Linda akatoka kwake Roseville kuja kumtazama, akakuta mama yake anamwita "signora," yaani bibi, kama anavyoitwa mgeni mlangoni. Mimi niliajiriwa kumtunza asubuhi kwa sababu tu nilimwamkia kwa Kitaliano naye akaniitikia. Jina langu hakulipata vizuri. Akaniita Lucia, nikaitika.

Linda alikuwa ameshampatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, ahamie baada ya mwaka mpya. Kabla ya hapo akataka mama yake aone kwao mara moja, amwone na mdogo wake, Ines, ndugu pekee aliyebaki. Akaniomba niende nao niwe mkalimani. Mume wangu, Athmani, akasema, "Nenda, watoto nitawapikia mimi." Nilijua maana yake ni chipsi asubuhi na jioni, lakini nikaenda.

Saint Paul hadi Amsterdam

Tuliondoka mwisho wa Oktoba, mwaka 2000, theluji ya kwanza imemwagika usiku ikayeyuka asubuhi. Mama Asunta alivaa kofia yake ya kwenda kanisani na kushika mkoba magotini kwa mikono miwili. Linda alikaa upande wa pili wa njia ya katikati, na tangu ndege inaruka hadi taa ya mikanda inazimwa hakuacha kumchungulia.

"Lucia," Mama Asunta akaninong'oneza, "meli hii inaelekea upande gani?"

Alikuja Marekani kwa meli, na safari ndefu kwake zote ni za meli.

"Inaelekea kwenu, Mama."

"Mama yangu anajua kama nakuja?"

Mama yake amekufa zamani. Nikasema, "Anajua."

Linda akainama kutoka kwenye kiti chake. "Anasema nini?"

"Anauliza kama mama yake anajua anakuja."

Linda akageuza uso, akawa anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa kutapikia, ambayo ni mafupi sana, kwa muda mrefu.

Chakula cha ndege Mama Asunta alikikataa kabisa. Mimi nilikuwa nimechukua mahamri kwenye kitambaa, maana sijawahi kusafiri bila kitu cha kutafuna. Nikampa moja. Akalinusa, akauma, akafunga macho. "Nani amepika hii?" akauliza, na nilipomwambia ni mimi akanipapasa shavu. Linda naye akachukua, halafu akachukua la pili. Ndiyo mara ya kwanza niliwaona mama na binti wakila kitu kimoja wakakipenda wote wawili.

Amsterdam tulikuta ukungu. Ndege ya Pisa ikacheleweshwa, ikacheleweshwa tena, mpaka watu wakaacha kulitazama lile bao la ratiba. Linda akaenda kuuliza, mimi nikafunga kamba ya kiatu, nilipoinua kichwa Mama Asunta hayupo. Nikakimbia huku, nikakimbia kule, na ndipo nikasikia Kiswahili. Mlango wa jirani ulikuwa wa ndege ya Nairobi. Watu wetu wamejaa, mizigo imefungwa kwa kamba, watoto wanalia, na katikati yao amekaa Mama Asunta na kofia yake, amesogezewa nafasi na mama mmoja mwenye leso mabegani.

"Ni wako huyu?" yule mama akaniuliza. "Amekuja kukaa nasi tu, na sisi tukamkaribisha. Tunaongea, hatuelewani, lakini tunaongea."

Nikamshukuru, tukasalimiana, akaniambia anakwenda Mombasa kuzika. Nikampa pole. Mama Asunta alikuwa anawatazama wote mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi.

"Lucia, hawa ni watu wenu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mbona huendi nao?"

Nikamshika mkono, nikamwinua. Tukarudi kwenye mlango wetu, nami nikageuka mara mbili kuwatazama.

Pisa hadi Cecina

Ule mnara maarufu ulioinama sikuuona, msiniulize. Nimeona paa tu kupitia dirisha la treni, na Linda alisema huenda hata halikuwa lenyewe. Treni ilifuata pwani kuelekea kusini hadi mji mdogo uitwao Cecina, ambako tulitakiwa kubadilisha tupande treni nyingine ndogo ya kwenda bara. Tulishuka tukakuta stesheni imetulia kama siku ya Idi saa ya swala. Karatasi imebandikwa dirishani. Neno lile nilikuwa nalijua, maana mpishi wetu wa Malindi alilitumia kila mshahara ulipochelewa. Mgomo.

Linda akakaa juu ya sanduku. "Mgomo mpaka lini?" Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi na kofia yake ya sufu. Akasimama mara moja, akavua kofia, akainama. "Mpaka watakapochoka, dada mtukufu," akasema, na akanipisha nikae.

Nikashangaa heshima ile. Kisha mwanamke akapita akanisalimu kwa kuinamisha kichwa. Kijana aliyekuwa anavuta sigara akaizima. Nikajitazama: nimevaa buibui na mtandio mweusi, nimemshika mkono bibi mzee, uso wangu wa Kiafrika. Walidhani ni mtawa wa kikatoliki kutoka misheni! Nilipomweleza Linda alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini mimi nilikuwa na kazi ya kusahihisha jambo hili, na Kitaliano cha mashuka hakina maneno ya dini.

"Mimi si mtawa," nikamwambia yule mzee. "Nina mume. Nina watoto."

Akanitazama kwa huzuni kubwa. Nadhani alifikiri niliacha utawa kwa sababu ya mapenzi. "Mungu ni mwenye rehema," akasema.

Nikajaribu tena. Nikamwambia, mimi Mwislamu. Hilo alilielewa. Akazungusha kofia mikononi. Jina lake Dino, alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha chumvi, na alikuwa anatoka hospitali kumtazama mkewe ambaye angepasuliwa kesho yake.

"Lakini unaomba?" akauliza.

"Naomba."

"Basi muombee. Anaitwa Rina."

Nikainua mikono palepale stesheni nikamwombea Rina dua ya mgonjwa, kwa Kiarabu, na nikaongeza kwa Kiswahili yale ambayo moyo ulitaka. Mzee Dino aliinamisha kichwa. Mama Asunta akafanya ishara ya msalaba akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Sijui yule bibi alivyoendelea. Namkumbuka katika swala mara kwa mara.

Njaa ilipotuuma Mzee Dino akavuka barabara, akarudi na mkate mwembamba wa njano, wa moto, umefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Nilipouma nikaruka: unga wa dengu! Ni bajia, jamani, isipokuwa wameitandaza kwenye sinia badala ya kuifinyanga, na pilipili wamesahau. Nilikula kipande changu na nusu ya cha Linda.

Kupanda mlimani

Mkwe wa Mzee Dino alikuja na gari kumchukua, na mzee akaamua bila kutuuliza kwamba sote tunaingia. Wanaume wawili mbele, sisi watatu nyuma, sanduku la Linda magotini mwetu kama meza. Mashamba yalikuwa yamelimwa, udongo wa rangi ya kijivu, vilima vinafuatana bila mti hata mmoja. Kisha kona moja, na mji ukaonekana juu kabisa, kuta na minara, kama mtu aliyekaa juu ya paa la nyumba yake akisubiri wageni.

Mzee Dino ndiye aliyetupa historia, akigeuka nyuma kila mara hadi mkwewe akamkemea. Volterra, akasema, ilikuwa mji mkubwa kabla Roma haijawa kitu. Watu wake waliitwa Waetruski. Walijenga kuta za mawe makubwa ambayo mpaka leo yamesimama bila saruji, walichonga alabasta, lile jiwe jeupe laini, walizika wafu wao kwa fahari, na lugha yao imepotea. Maandishi yao yanasomeka, akasema, lakini mengi hayaeleweki maana. Hakuna mtu aliyebaki wa kuuliza.

Hilo nilimtafsiria Linda, na wote wawili tukamtazama Mama Asunta, aliyekuwa amelala na mdomo wazi begani kwangu.

Nyumbani kwa Ines

Bibi Ines alitusubiri nje, kwenye kichochoro chembamba kinachoteremka. Ni mjane, mfupi, mnene kidogo, aproni bado iko kiunoni. Nyumba ya jirani ni karakana ya alabasta, na fundi alikuwa amesimama mlangoni kushuhudia, mweupe wa vumbi kuanzia viatu hadi nyusi.

Bibi Ines akafungua mikono. "Asunta!"

Mama Asunta akasimama. Akamtazama uso, nywele nyeupe, aproni. Kisha akadondosha mkoba chini, akamwendea mbio kwa namna ambayo sikujua miguu ile bado inaiweza, na akamwangukia kifuani.

"Mama," akasema. "Mama, nimechelewa."

Bibi Ines alinitazama juu ya bega la dada yake. Nilimwona akielewa. Kwa miaka yote ile alikuwa akimngojea dada yake, na dada amekuja, na hamjui. Alidhaniwa ni marehemu mama yao. Halafu akaweka mkono juu ya ile kofia ya kanisani, akasema taratibu, "Hukuchelewa, mwanangu. Chakula kiko moto."

Akaingia naye ndani. Sisi tukaokota mkoba.

Kwenye chakula chenyewe ndipo yalipoanza matatizo yangu. Mkate haukuwa na chumvi hata chembe. Nikadhani kwa furaha amesahau, nikaomba chumvi, nikachekwa. Huko ndivyo ulivyo. Kisha ikaja sahani ya tambi pana zenye mchuzi mweusi wa nyama, harufu inakuita kwa jina lako. Nikauliza, kwa adabu, ni nyama ya nguruwe?

"Hapana!" Bibi Ines akaapa. "Nguruwe hapana! Huyu ni cinghiale."

Sikulijua neno. Akaweka vidole viwili mdomoni vikawa meno yametokeza nje, akakoroma, akakimbia kimbia jikoni akionyesha porini. Nguruwe mwitu, basi. Kwake ni wanyama wawili tofauti kabisa, na hakuelewa dini gani inaweza kuwachanganya. Tangu siku hiyo nikala mayai: mayai na mboga, mayai na jibini, mayai na uyoga. Siku moja tulipopita chini ya mnara wenye sanamu ya kijinguruwe juu yake, Bibi Ines alinivuta mkono nitazame pengine, nisije nikachukia mji wake.

Mjini, kwa miguu

Asubuhi tulitembea, polepole, mwendo wa Mama Asunta. Volterra yote ni mawe: nyumba, njia, ngome kubwa juu ambayo mpaka leo ni jela. Upepo haupumziki. Bibi Ines alitupeleka kwenye ukingo ambako ardhi imekatika ikawa genge refu la mchanga wa njano. Alituambia makaburi ya Waetruski na kanisa zima vilikwenda na maporomoko hayo, na bado yanaendelea kula ardhi.

Lakini ninachotaka mkijue ni cha jumba la makumbusho. Humo mna masanduku ya mawe ambamo Waetruski waliweka majivu ya wafu wao, mamia, na juu ya kila kifuniko mwenyewe amechongwa amejilaza kama yuko karamuni. Kuna kimoja cha udongo wa kuchoma, mume na mke wazee, wamelala kifua kwa kifua. Nyuso zao zimekunjamana hasa. Mke amemkazia mume macho. Mume anatazama mbali. Watu walikuwa wamesimama kimya mbele yao kama msikitini.

Mama Asunta akasogea, akawaangalia sana. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Anamwambia: mlango umefunga? Na yeye anajua hajafunga."

Mlinzi wa jumba akapasuka kicheko. Mtaliano mwingine naye. Mimi nikacheka mpaka nikafuta macho, na Linda ananivuta mtandio, "Nini? Nini?" Nikamtafsiria. Linda akaitazama ile sanamu, akamtazama mama yake, akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani.

"Rukia," akasema, "mama yangu ni mcheshi?"

"Kila siku. Hukujua?"

"Nilidhani ni mtu mkimya. Maisha yangu yote nilijua mama yangu ni mtu mkimya."

Tulikaa kwenye benchi. Mimi nikafikiria watoto wangu wawili kule nyumbani, ninaowauliza kwa Kiswahili nao wananijibu kwa Kiingereza, na nikajiuliza wanamjua Rukia yupi. Lakini saa ile ilikuwa ya Linda.

Mchana wake tulishuka hadi kwenye lango la kale, lile la Waetruski, tao la mawe lenye vichwa vitatu vilivyolika na mvua na upepo hata havina tena macho wala pua. Mama Asunta alikuwa amechoka, lakini alipoliona aliniachia mkono. Akaenda akaweka kiganja ukutani. Na akaanza kusimulia, maneno yamenyooka, bila kupotea hata mara moja. Mimi nikawa natafsiri nyuma yake kama mtu anayekimbiza basi.

Ilikuwa vita. Wamarekani wanakaribia, na Wajerumani wanataka kulilipua lango ili wasipite. Watu wa mji wakawasihi: tupeni nafasi, tutaliziba wenyewe. Wakapewa siku moja tu. "Basi tukang'oa njia," akasema, na akaonyesha mawe tuliyosimama juu yake. "Haya, haya yote. Mapadri, wachonga alabasta, kina mama, kila mtu na jiwe lake. Mikono yangu ilitoka damu. Mama alikuwa mbele yangu, Ines alikuwa nyuma yangu analia kwa sababu jiwe lake lilikuwa dogo kuliko langu." Bibi Ines, aliyekuwa nyuma yangu, aliziba mdomo kwa mkono. "Jua lilipozama lango limejaa. Hata panya hapiti. Na likapona, unaliona?"

Akapiga ukuta makofi mawili, kama unavyompiga ng'ombe mzuri.

"Tukaziba kwa mawe yote ya mji," akasema, "na bado Harold akapita."

Nilipomtafsiria Linda sentensi ile ya mwisho, alicheka na kulia kwa pamoja, katikati ya njia, na gari la maziwa likapiga honi.

Maneno ya jikoni

Siku zikawa zinakwisha. Baada ya chakula kimoja cha mchana, Mama Asunta amelala, Bibi Ines akafuta meza, akakaa, akaniambia: "Mwambie amwache hapa."

Nikamwambia Linda.

"Hapana," Linda akasema. "Mwambie namshukuru, lakini hapana. Madaktari wake wako kule. Nyumba yake iko kule. Mimi niko kule."

Nikamwambia Bibi Ines.

"Kule atakuwa bubu," Bibi Ines akasema. "Watamvisha, watamlisha, na hakuna atakayejua kama anaomba maji au anafanya mzaha."

Hapo nilisita. Lilikuwa neno zito, na nilikuwa na uwezo wa kulipunguza makali, maana hakuna mtu jikoni mle ambaye angejua. Lakini hawakuniita kupunguza. Nikalisema lilivyo.

Linda akawa mwekundu. "Ni mama yangu. Hata wewe hakujui! Anakuita mama."

Nalo nikalitafsiri, sauti ikiwa ndogo. Bibi Ines hakukasirika. Akachukua muda kukunja kitambaa cha meza, kona kwa kona.

"Kweli," akasema. "Ananiita mama, na mimi naitika. Na wewe anakuita signora, mwanangu. Tumempoteza wote wawili. Lakini hapa anacheka."

Linda alitoka nje. Nilimwona dirishani amesimama mbele ya karakana, amekumbatia mikono yake, fundi wa alabasta amemtolea kiti na yeye hakukaa. Mimi na Bibi Ines tukaosha vyombo. Linda aliporudi alikuwa na vumbi jeupe kwenye sweta, na hakusema ameamua nini.

Kurudi

Tiketi yangu ilikuwa ya Jumamosi, zao pia. Asubuhi hiyo masanduku yalikuwa mlangoni. Mama Asunta akasema Lucia hawezi kusafiri bila matunda, akavaa kofia, tukaenda wote dukani juu ya kichochoro, kwa mwanamke anayeuza mboga. Mama Asunta akawa anachagua machungwa, analiminya hili, analirudisha lile, anamgombeza mwenye duka kwamba haya ni ya wiki jana, na mwenye duka anamjibu, na wote wawili wanafurahi. Linda alisimama pembeni na mfuko wa karatasi wazi, akitiliwa machungwa kama kijakazi.

Mwenye duka akamtupia jicho. "Na bibi huyu ni nani?" akamuuliza Mama Asunta.

Mama Asunta akageuka. Akamtazama Linda: koti lile la Minnesota, nywele zilizopeperushwa na upepo, uso ulioanza kuzeeka. Nilijua litakalotoka. Nikajiandaa kulitafsiri kwa upole.

"Huyu?" akasema kwa Kitaliano chake cha mlimani. "Huyu ni binti yangu. Ametoka Marekani. Kusema hajui, masikini, lakini ni mtoto mzuri."

Akaendelea kuchagua machungwa.

Nikafungua mdomo. Linda akaniwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Usinitafsirie," akasema. "Nimeelewa."

Tukatoka tukashuka hadi uwanjani panapoegeshwa mabasi. Dereva akafungua tumbo la basi, mimi nikaingiza sanduku langu, nikasubiri yao. Linda hakuyasogeza. Aliniambia nikifika Saint Paul nimpigie mkuu wake wa kazi nimweleze kwamba harudi Jumatatu, na kwamba lini atarudi hajui bado. Mama Asunta alikuwa anamkaza vifungo vya koti, kimoja kimoja kuanzia chini, akinung'unika kuhusu upepo, na Linda amesimama wima, kidevu juu, anafungwa.